Filimbi Mbili za Alunguli

Jumatatu, 19 Juni

Nimerudi kutoka njia ya Kailo jioni. Chanjo zimekwisha, barafu imekwisha, na mimi karibu. Sanduku la baridi limenichuna mgongo palepale pa siku zote. Nimeosha cheni kwa mafuta ya taa, nimeipaka mawese kwa kuwa grisi hakuna. Miaka sita nafanya hivi.

Kivukoni nimekutana na Mukendi, mtunza stoo wetu. Funguo zinaning'inia kiunoni, amesimama kama mwenye mto. Amenisalimu. Sikujibu. Nimepanda mtumbwi nikitazama maji.

Mwaka wa pili huu simjibu. Hajachoka kusalimu.

Jumatano, 21 Juni

Baiskeli mpya zimefika kwa treni. Tatu. Mbili nyekundu, moja ya bluu. Ofisi nzima imetoka kuzitazama, hata mpiga taipu. Ni za milima, kama hii yangu niliyoachiwa na daktari Mzungu, lakini ukiziweka pamoja yangu ni babu yao. Vitesi vyao, yaani gia, vinaita tik. Unagusa kwa kidole, tik, cheni imehama yenyewe. Kwenye yangu nasukuma kwa kidole gumba mpaka cheni iache kulia. Hakuna kinachonisaidia ila sikio.

Mkurugenzi Lutala amegawa mwenyewe. Moja yake, na sijawahi kumwona juu ya baiskeli. Moja ya shemeji yake Pene, ambaye ana miezi mitatu kazini. Ile ya bluu ya Mukendi, ambaye kazi yake ni kukaa juu ya kiti. Sisi wachanjaji, tunaokula vumbi kila siku, tumepewa shukrani za Chama.

Kisha Lutala ameigusa baiskeli yangu kwa ncha ya kiatu, ameniita raia kama Chama kinavyotaka. "Sitwayeni Yuma, hii kinga yako ingali inatembea?"

Watu wamecheka. Mukendi hakucheka. Hilo limeniudhi kuliko kicheko.

Ijumaa, 23 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni. Sherehe ya kupokea baiskeli, Jumamosi tarehe 8 Julai, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Mashindano kutoka daraja la tatu la njia ya Kailo mpaka ufukwe wa Alunguli, ng'ambo. Kila mwenye baiskeli anaruhusiwa. Ya bluu ataiendesha Mukendi. Nyekundu moja Pene, ya pili dereva wa Lutala kwa niaba ya Lutala. Zawadi ni redio.

Nimeandika jina langu kabla ya wote. Redio sitaki. Namtaka Mukendi.

Habari hii sijawahi kuiandika. Leo naiandika, niwe na pa kuisoma siku nikilegea.

Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi. Raba za breki zangu zilikuwa zimekwisha, imebaki chuma kwa chuma. Miezi mitatu naziomba stoo. Mukendi: bado. Bado. Bado. Jioni ile nateremka mteremko wa ofisi ya zone, ya wilaya yetu, filimbi ya kushusha bendera ikalia. Kila kitu kikasimama, kama inavyotakiwa. Magari, akina mama na mabeseni yao kichwani, askari, walevi. Mimi sikusimama. Nilivuta breki zote mbili, nikaburuza miguu mpaka soli ikatoka, na bado nikapita mbele ya bendera inayoshuka, polepole, mbele ya watu wote, kama mtu anayeringa. Mukendi alikuwa kando ya barabara, mikono imenyooka. Tulitazamana.

Kesho yake ripoti ilikuwa mezani kwa wakubwa wa Chama. Mwandiko wake.

Siku tisa kasho, selo ya ofisi ya zone. Siku ya nne Mama alifariki. Siku hiyohiyo akazikwa Alunguli, haraka, kama dini inavyotaka. Mwanawe pekee yuko upande huu wa mto, nyuma ya mlango wa chuma. Waliomshusha kaburini ni watu wengine. Nilipotoka, uchefu, yaani usimamizi, wa njia ya Kailo ulikuwa umekwisha kupewa mtu mwingine.

Raba zilikuwa stoo. Aliziuza. Kisha akaandika kwamba nimekataa kusimama.

Nimemaliza.

Jumapili, 25 Juni

Nimekata raba mpya za breki kutoka kwenye tairi ya lori. Nne. Kisu kimenikata mara mbili. Nimezifunga, nimeteremka mteremko wa reli kwa kasi, nimevuta. Imesimama hapohapo, nusura niruke usukani.

Sakina amenitazama kutoka jikoni. Mke wangu hana maneno mengi. Ameuliza kama haya yote ni ya redio. Nimesema ndiyo. Hakuamini.

Jumanne, 27 Juni

Njia ya Kailo tena. Sikuwa nachanja tu. Nimehesabu. Daraja la tatu: magogo sita, la kushoto ndilo lisilobingirika. Daraja la pili: magogo mapya, yanateleza. Baada yake mchanga mrefu wa kiangazi. Mchangani lazima upunguze upepo wa matairi, mpaka yakae bapa kidogo. Wale wa baiskeli mpya watajaza upepo mpaka matairi yalie kama ngoma, kwa sababu ndivyo mpya inavyopendeza.

Daraja la kwanza, mlima, mteremko, shule ya Alunguli, ufukwe.

Jioni nimepita shuleni wakati wa bendera. Nimesimama kama kila siku. Na hapo, nikiwa nimesimama, ndipo nilipopata wazo. Nimecheka peke yangu njiani hadi kivukoni.

Jumatano, 28 Juni

Wazo ni hili. Niliandike nione kama ni baya.

Bendera ya shule ya Alunguli anaishusha Mzee Amisi, mlinzi. Saa yake inakimbia dakika kumi. Imekimbia hivyo miaka yote sita ninayopita pale, na hakuna anayethubutu kumwambia. Kwa hiyo bendera ya Alunguli inashuka kabla ya bendera zote za Kindu. Anayepita pale kila siku analijua hilo. Mukendi hapiti pale. Na ukitoka mteremkoni, mlingoti hauonekani, michikichi imeuficha. Unauona ukishafika miguuni pake.

Salongo itachelewa kwisha. Hotuba zitachelewa. Akina mama wa kucheza ngoma za Chama watachelewa kufika. Mashindano ya saa nane yataanza saa kumi. Najua nchi yangu. Tutafika shuleni karibu na filimbi ya saa kumi na mbili.

Mzee Amisi anapiga filimbi mbili. Ya kwanza ya kuonya. Ya pili, hakuna kutikisika. Mtu anayekimbia kwa baiskeli mpya, upepo masikioni, jicho kwa anayemfukuza, ya kwanza haisikii mpaka aambiwe.

Mimi sitamwambia.

Nimelisoma. Ni baya. Nalipenda.

Jumamosi, 1 Julai

Asubuhi salongo, tumefyeka majani kandokando ya reli. Mukendi alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Amekuja na panga lake, amesema Kingwana chake, Kiswahili cha Kindu, kizuri kuliko cha wengi, maana alizaliwa hapa, baba yake aliletwa na reli kutoka Kasai. Ameniambia mke wake amekwenda Kananga kujifungulia kwao. Eti nyumba imekuwa kimya. Sijui kwa nini ananiambia mimi.

Nimeendelea kufyeka. Nimefyeka hata pasipokuwa na majani.

Jumatatu, 3 Julai

Mukendi anafanya mazoezi. Nimemwona barabara ya uwanja wa ndege, anaendesha vizuri kuliko nilivyofikiri. Miguu mirefu. Tik, tik, tik. Pene yeye anazunguka sokoni ili wasichana wamwone.

Nimeogopa kidogo. Kama Mukendi ataniacha mbali, atapita shuleni kabla ya filimbi, atashika redio, na mimi nitafika baadaye kusimama mbele ya bendera nikimsikia anapigiwa makofi. Wazo langu linataka miguu. Lazima nimkamate kwanza.

Alhamisi, 6 Julai

Nimevuka kwenda makaburini Alunguli. Nimeng'oa majani juu ya Mama. Nimesoma Fatiha. Nilitaka kumweleza mpango, nikaona haya. Alikuwa mtu wa kukaribisha kila mpita njia, hata wasiostahili.

Nimekaa kidogo, nimeondoka. Mashindano ni Jumamosi. Ataelewa.

Jumamosi, 8 Julai

Ninaandika mkono ukiwa umevimba kwa usukani. Niandike kwa utaratibu.

Salongo ilikwisha saa sita badala ya saa nne. Lori la ofisi lilitubeba sisi na baiskeli mpaka daraja la tatu. Kumi na mmoja. Watatu wa mpya, mimi, na saba wa baiskeli nzito za kubebea mawese. Lutala alihutubia saa nzima. Maendeleo, Chama, baiskeli, Chama. Ngoma zikachezwa. Abakosi ya Lutala, suti ya Chama, ilikuwa imelowa jasho kwapani. Halafu lori likawabeba wakubwa kwenda kutungoja ufukweni, na sisi tukaachwa kwenye vumbi lake na kijana mmoja mwenye kitambaa. Nilitazama saa. Kumi na nusu. Ndivyo nilivyotaka.

Kitambaa kikashuka. Wale watatu wakatoka, na kweli, ni baiskeli hizo. Sikuwaona tena kwa muda mrefu. Niliona vumbi lao tu. Nikasukuma. Cheni ikalia, nikaibembeleza kwa kidole gumba, ikanyamaza.

Daraja la tatu lilikuwa nyuma yetu, hilo halikunifaa. La pili likanifaa. Dereva wa Lutala nilimkuta kati ya magogo, gurudumu la mbele limezama hadi nusu, yeye amelishika kama anayevuta mbuzi. Nilipita juu ya gogo la pembeni bila kushuka. Alinitukana kwa Kifaransa.

Mchangani nilishuka mara moja tu, nikabonyeza vali mbele na nyuma, pss, pss. Watu wa mawese waliokuwa wananifuata wakashangaa kuniona napoteza upepo. Kisha nikapanda juu ya mchanga ule kama juu ya barabara. Mbele yangu Pene alikuwa anatembea kwa miguu, analia machozi ya kweli. Ujani umeingia kwenye vitesi vyake. Anabonyeza, tik, tik, na cheni haiendi popote. Alikuwa hajui hata pa kushika. Yangu haina tik, kwa hiyo haina cha kukwama. Nikampita.

Mukendi peke yake.

Nilimwona kwenye mlima baada ya daraja la kwanza. Bluu, juu kabisa, mgongo umeinama. Alikuwa amechoka. Mlima ule naujua kila jiwe, nimeupanda na sanduku la baridi mgongoni misimu ya mvua sita, na leo mgongo ulikuwa mtupu. Sijawahi kuupanda hivyo. Nilisikia damu mdomoni. Juu nikamfikia. Alinitazama, akasema, "Yuma, unakuya kweli." Hakusema kwa ubaya. Nilimchukia zaidi.

Tukateremka pamoja. Yeye mbele kidogo, mimi kwenye gurudumu lake. Ningeweza kumpita. Nilimwacha mbele. Nilimsukuma tu kwa kelele za cheni yangu, ajue nipo, asitazame kitu kingine. Alikuwa anageuza shingo kila mara, ananitazama. Mimi nilikuwa natazama michikichi.

Filimbi ya kwanza ililia.

Nilivuta breki. Raba za tairi la lori zikakamata. Baiskeli ikasimama, nikashuka, nikanyoosha mikono. Kati ya filimbi ya kwanza na ya pili kuna pumzi mbili. Naijua nafasi ile, nimesimama pale jioni mia ngapi. Inatosha kusema neno moja. Inatosha kusema "bendera". Mukendi aligeuka kwa mara nyingine, akaniona nimesimama, akadhani cheni imekatika. Niliona anatabasamu. Aliinua mkono mmoja.

Sikusema.

Filimbi ya pili. Mukendi akapita chini ya mlingoti, bendera inashuka juu ya kichwa chake, mkono wake bado uko juu.

Sijui ilichukua muda gani. Mzee Amisi alikunja bendera polepole. Vijana wa Chama waliokuwa wamepangwa pale shuleni wakaanza kukimbia kabla hajamaliza. Nilipofika ufukweni walikuwa wamekwisha kumshika kola. Ya bluu ilikuwa imelala chini, gurudumu linazunguka. Lutala alikuwa anatazama mto.

Wamenitangaza mshindi. Makofi machache. Wamenipa redio.

Mkubwa wa vijana akanisogezea karatasi. "Wewe uliona muzuri? Basi tia mukono hapa."

Nimetia. Sikulazimishwa. Nimetia wa kwanza, na herufi kubwa.

Jumapili, 9 Julai

Nimelala kama mtoto. Nimeamka nikicheka. Watu wamepita kuniamkia, wameshika usukani wa baiskeli yangu, wengine wamepiga pedali zizunguke. Babu yao amewashinda. Mtaa wote unasema hivyo. Jirani amesema nimemkomesha Mkasai yule, nimemwambia hapana, nimemkomesha Mukendi. Si jambo moja.

Siku ya kwanza ya kasho haina kitu. Ni siku ya tatu ndipo harufu inapoingia mwilini.

Redio haina betri.

Jumatatu, 10 Julai

Lutala ameniita. Ananiita Yuma wetu sasa. Mukendi amesimamishwa kazi, na funguo za stoo nimepewa mimi mpaka wapate mtu. Baiskeli ya bluu pia. Nimesema nitaifikiria ya bluu. Funguo nimezichukua.

Zinaning'inia kiunoni mwangu. Nzito kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 11 Julai

Nimerudi kula, sahani yangu ya bati yenye maua haipo. Nimepewa chakula kwenye bakuli. Nimeuliza. Sakina hakuficha. Tangu Jumapili anapika kwa watu watatu, na sehemu ya tatu anaipeleka kasho, mchana, kwa Mukendi.

Nilipiga meza. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Kwamba amekula nyama ya Mama. Kwamba anamlisha muuaji kwa sahani yangu. Alingoja nimalize, huku anachambua mchele.

"Kule hawape mutu chakula, na bibi yake haiko," amesema. "Njia ya kasho niko naijua tangu ya kwako. Siku tisa. Nani alinionyesha? Hakuna. Niliitafuta peke yangu."

Akaenda kuteka maji. Mimi nimebaki na bakuli. Nimekula, maana nilikuwa na njaa, na hasira yote iko palepale.

Jumatano, 12 Julai

Leo nimefunga mlango wa stoo kwa ndani. Nilitaka ushahidi. Nilitaka nikute mahali raba zangu zilipouzwa, nimpelekee Lutala, Mukendi asirudi kazini maisha yake yote. Nimefungua makabati, nimeshusha maboksi ya sindano, nimepiga chafya kutwa nzima.

Nimekuta faili. Nakala za kaboni za barua alizoandika kwenda makao makuu, Mukendi hatupi karatasi. Tatu zinafuatana. Julai, Agosti, Septemba, mwaka juzi. Zote mwandiko wake ule wa ripoti, herufi zimelala kidogo.

Ya tatu inasema: naomba kwa mara ya mwisho raba nne za breki kwa ajili ya Sitwayeni Yuma, njia ya Kailo. Baiskeli yake haisimami tena. Ataumia au ataumiza mtu.

Hakuna jibu lolote kwenye faili. Raba hazikutumwa kamwe. Bado, bado, bado. Alikuwa anasema kweli.

Nimesoma mara nyingi. Kisha nimeirudisha palepale, kati ya ya pili na utupu.

Lakini ripoti aliandika. Hilo halifutiki. Alijua kwa nini sikusimama, alijua kuliko mtu yeyote, na bado aliandika kwamba nilikataa. Labda aliogopa. Kuna vijana wa Chama waliomwona akiniona. Anayeona asiseme naye anachukuliwa. Labda.

Mimi sikuogopa nilipotia mkono. Hilo ndilo linanisumbua jioni hii.

Alhamisi, 13 Julai

Idi. Tumeswali uwanjani, tumechinja na majirani mbuzi mmoja. Nyama imegawanywa kama inavyotakiwa, yetu, ya ndugu, ya wasionacho. Sakina ameweka fungu dogo pembeni, ameifunika ile sahani yenye maua kwa kitambaa. Hakunitazama.

Nimemwambia tu aweke na chumvi, maana chakula cha kasho hakina ladha kwa sababu ya harufu. Ameweka.

Ni siku yake ya sita. Siku ya sita mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Aliyekuja kuniambia habari ya Mama ni askari, kupitia tundu la mlango, alisema kwa upole na akaomba sigara.

Jumamosi, 15 Julai

Salongo. Nafasi ya Mukendi ilikuwa tupu, nimefyeka yake pia bila kukusudia.

Lutala ameuliza tena kuhusu baiskeli ya bluu. Nimemwambia vitesi vyake havifai mchanga. Amesema lakini ni mpya. Nimesema ndiyo, ni mpya.

Nina sentensi moja niliyoitunza miaka miwili. Nitamwambia siku akitoka: Mama yangu alizikwa mimi nikiwa mle ndani. Nimeipanga vizuri. Naisema nikiosha uso, naisema mtumbwini. Ataisikia hata akiziba masikio.

Jumatatu, 17 Julai

Narudi kutoka Kailo, sanduku tupu, nateremka mteremko wa ofisi ya zone. Filimbi. Nimevuta, imesimama. Nimeshuka, nimenyoosha mikono.

Mbele yangu, hatua tatu, Mukendi. Ndiyo kwanza ametoka mlango wa kasho. Ndevu, shati lilelile la mashindano, miguu mikavu imepauka kama majivu. Ameshika sahani yenye maua kwa mikono miwili, amesimama wima nayo kwa sababu ya bendera. Bendera ya zone inashushwa polepole kuliko zote. Kamba ilikwama, wakaivuta, ikakwama tena. Hakuna kutikisika. Hakuna pa kutazama ila usoni. Tumetazamana muda wote huo, mimi na yeye, mahali palepale. Macho yake yalishuka mara moja tu, kwenye magurudumu yangu.

Ilipolia filimbi ya kuruhusu watu wakaanza kutembea. Nilifungua mdomo. Sentensi haikuja. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Breki yako inakamata."

"Inakamata," nimesema. "Nilikata tairi ya lori."

Ametikisa kichwa, kama mtu wa stoo anayepokea kitu. Kisha amenipa sahani. Imeoshwa, na ndani mna karanga kiganja kimoja, sijui amezipata wapi mtu aliyetoka kasho sasa hivi. Sahani ya watu hairudishwi tupu. Amesema nimpe mama Sakina. Akaenda zake, upande wa nyumba yake iliyofungwa.

Sikuweza kupanda, mkono mmoja ulikuwa na karanga. Nimekokota baiskeli hadi nyumbani. Tumezila mimi na Sakina nje, tukitupa maganda kwenye moto. Kesho ni njia ya Kailo.